Mwenye Ukoma Aliyetakaswa: Maana ya Muujiza Mmoja katika Nchi ya Rungwe

Katika Injili ya Marko, mwishoni mwa sura ya kwanza, imo habari fupi ya mtu mwenye ukoma aliyemjia Yesu, akapiga magoti, akamwomba amtakase. Yesu akanyosha mkono, akamgusa, akasema neno, na ukoma ukamwondoka. Kisha akamwonya asimwambie mtu, bali aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka iliyoagizwa katika sheria ya Musa. Yule mtu hakunyamaza. Aliieneza habari kila mahali, hata Yesu asiweze tena kuingia mjini waziwazi, akawa akikaa nje, mahali pasipo watu. Habari yote haizidi aya sita. Walakini ni chache habari za maponyo zilizoacha alama nzito katika maisha ya watu kuliko hii, kwa sababu mgonjwa asimuliwaye humo alipewa, katika karibu kila lugha ya Wakristo, jina la ugonjwa ambao wasikilizaji waliuona kwa macho yao vijijini mwao.

Nchi ya Rungwe, iliyo kusini ya mji wa Mbeya, kati ya mlima uitwao kwa jina hilo na ziwa Nyasa, ni mahali pafaapo kuichunguza habari hii. Huko Injili ilihubiriwa tangu mwaka 1891 na kanisa ambalo lilikuwa limekwisha kuishi na wakoma kwa miaka mingi katika nchi nyingine. Huko watu walikuwa na elimu yao wenyewe juu ya chanzo cha maradhi na njia ya kuyaondoa. Na huko, katika karne ya 20, ukoma ulifikiwa na dawa zenye kuuponya kweli. Basi mambo matatu, yaani maandiko, mila na tabibu, yalikutana juu ya mwili wa mgonjwa mmoja. Swali ni hili: aliyetakaswa alipata nini hasa? Je, alipata ngozi mpya tu, au alipata kitu kingine ambacho dawa peke yake haiwezi kukitoa?

Jambo la kwanza la kutazamwa ni jina lenyewe la ugonjwa. Katika Kiebrania cha Torati huitwa tsaraat, na sura ya 13 na ya 14 za kitabu cha Mambo ya Walawi hueleza dalili zake kwa urefu. Anayezisoma sura hizo kwa makini huona upesi kwamba si ugonjwa mmoja. Tsaraat huweza kuipata ngozi ya mtu. Lakini huweza pia kuipata nguo ya sufu au ya kitani, na hata ukuta wa nyumba, ambako bila shaka ni ukungu au kuvu. Fauka ya hayo, sheria yaagiza kwamba mtu aliyegeuka mweupe mwili mzima, toka kichwani hadi miguuni, ahesabiwe kuwa safi. Hakuna tabibu aujuaye ukoma ambaye angetoa hukumu kama hiyo. Wala sura hizo hazitaji kufa ganzi kwa mikono na miguu, wala kukunjamana kwa vidole, wala kuharibika kwa uso, ambazo ndizo dalili kubwa za ukoma uliokomaa.

Wayahudi walipoifasiri Torati kwa Kiyunani, kabla ya kuzaliwa Kristo, walichagua neno lepra, ambalo kwa matabibu wa Kiyunani lilikuwa jina la magonjwa ya ngozi yenye kutoa magamba. Ukoma hasa, ulipojulikana kwao, waliuita kwa jina la ndovu, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa huwa nene yenye mikunjo. Mchanganyiko wa majina ulikuja baadaye, vitabu vya matabibu wa Kiarabu vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11 na ya 12. Neno la Kiarabu judhamu, lenye maana ya ukoma wenyewe, likapewa fasiri ya lepra. Na tangu hapo kila mkoma wa Ulaya alisomewa sheria ya Walawi kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake. Wajerumani nao walitumia neno Aussatz, ambalo asili yake ni kutolewa nje. Kwa hiyo mgonjwa hakuitwa kwa kile kimuumizacho, bali kwa kile alichotendewa na wenziwe.

Kiswahili kilikuwa na akiba ya kutosha ya kuyatenganisha mambo haya. Mbali na ukoma, watu wa pwani walikuwa na neno jedhamu kwa maana ile ile. Tena walikuwa na barasi na mbalanga kwa maradhi yanayoifanya ngozi kuwa na mabaka meupe. Qurani, katika sura ya 3 na ya 5, inapotaja maponyo ya Nabii Isa, husema juu ya mwenye barasi, wala si mwenye judhamu. Lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyoenea kupita zote katika makanisa ya Kiprotestanti ya Tanganyika, ilishika neno ukoma kotekote: kwa mtu, kwa nguo, na kwa nyumba. Wafasiri hawawezi kulaumiwa peke yao, maana walilirithi kosa la karne nyingi. Hata hivyo matokeo yake si ya kamusi tu. Mtu wa Rungwe aliyekufa ganzi vidole kwa sababu ya vijidudu alivyoviona Gerhard Armauer Hansen huko Norway mwaka 1873, alijikuta amevikwa unajisi ulioandikwa kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, katika nchi nyingine, zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake.

Jambo la pili ni kazi ya sheria ile. Kuhani wa Walawi hakuwa mganga. Hakutoa dawa wala hakutibu. Kazi yake ilikuwa kutazama na kutamka. Alimtazama mtu, akamweka mbali siku saba, akamtazama tena, kisha akatamka kwamba ni safi au ni najisi. Aliyetamkwa kuwa najisi alirarua mavazi, akaacha nywele zake wazi, akakaa peke yake nje ya kambi. Na aliyepona hakurudi nyumbani kwa kupona tu. Kuhani alimwendea huko nje; ndege wawili wakaletwa, mmoja akachinjwa na mwingine akaachwa huru aende zake; mtu akafua nguo, akanyoa, akaoga, akangoja siku saba, na siku ya nane akatoa sadaka mbele ya hema. Ndipo akahesabiwa tena kuwa mtu kati ya watu. Yaonekana wazi kwamba sheria ilitofautisha mambo mawili: ngozi kupona, na mtu kurudishwa. La kwanza lilitokea lenyewe, au kwa rehema ya Mungu. La pili lilikuwa wajibu wa jamii, na lilikuwa na siku zake, mashahidi wake na gharama zake.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu dada yake Musa apatwa na ugonjwa huo, na kutengwa nje ya kambi siku saba. Mwandishi aongeza neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama: watu hawakusafiri mpaka Miriamu alipoingizwa tena. Taifa zima, katikati ya jangwa, lilisimama kumngoja mwanamke mmoja.

Kwa kuangaliwa hivyo, muujiza wa Marko huonyesha sura yake kamili. Yule mtu haombi kuponywa, aomba kutakaswa. Neno la Kiyunani ni lile lile la sheria ya Walawi, na Kiswahili kimelitunza vema. Yesu naye hamponyi kwa mbali, kama alivyofanya kwa wengine kadha wa kadha, bali amgusa kabla ya kutamka neno. Kwa mujibu wa sheria, aliyemgusa najisi alipaswa kuhesabiwa najisi pia. Mguso huo basi haukuwa wa lazima kwa uponyaji. Ulikuwa wa lazima kwa mtu ambaye hakuguswa na mkono wa mtu mwingine tangu siku alipotolewa nje. Kisha yuamtuma kwa kuhani, maana bila ya tamko la kuhani ngozi safi isingemfungulia mlango wa nyumba yake. Mwisho wa habari ni wa ajabu kuliko mwanzo wake: aliyekuwa nje yuko mjini akisema na watu, na aliyekuwa mjini yuko nje, mahali pasipo watu. Wawili hao wamebadilishana makao. Marko haelezi maana ya mabadilishano hayo. Ayaacha mbele ya msomaji.

Ipo tofauti moja ya hati za kale isiyofaa kupuuzwa. Hati nyingi zasema kwamba Yesu alimhurumia mtu yule. Lakini hati moja maarufu, iitwayo Codex Bezae, pamoja na baadhi ya fasiri za kale za Kilatini, zasema kwamba alikasirika. Mathayo na Luka, wanaoisimulia habari hiyo hiyo, hawataji huruma wala hasira. Wataalamu wengi wameona kuwa ni rahisi zaidi mwandishi wa kunakili kuibadili hasira iwe huruma kuliko kuibadili huruma iwe hasira. Ikiwa ndivyo, hasira ile haikuwa juu ya mgonjwa. Yafaa kudhaniwa kwamba ilikuwa juu ya ile hali iliyomfanya mtu aulize kama kuna atakaye kumtakasa.

Wamisionari wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891. Wa kanisa la Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga chini ya mlima Rungwe. Wa misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walikaa upande wa mashariki yao katika mwaka huo huo. Wamoravian walikwenda Utengule mwaka 1895 na Mbozi mwaka 1899. Kanisa lao, lililopata uhai mpya katika kijiji cha Herrnhut, Saksonia, mwaka 1727, halikuwa geni kwa wakoma. Kule Rasi ya Tumaini Jema, mmisionari wao Peter Leitner alianza kuishi na wakoma mwaka 1823 katika bonde la Hemel-en-Aarde, jina ambalo maana yake ni mbingu na ardhi. Alikufa huko mwaka 1829, na katika miaka ya 1840 wagonjwa walihamishiwa kisiwa cha Robben. Katika Yerusalemu, ambako wakoma walikuwa wakiomba sadaka malangoni mwa mji, nyumba ya kuwatunza ilifunguliwa mwaka 1867 na kuhudumiwa na Wamoravian hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo waliokuja Rungwe walikuwa ni watu wa kanisa ambalo lilikuwa limekwisha kuisoma sura ya kwanza ya Marko miongoni mwa wale inaowahusu.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba waliowasikiliza walikuwa kama karatasi isiyoandikwa. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, waliandika habari nyingi za imani za nchi hiyo. Vitabu vya Monica Wilson vya mwaka 1951, 1957 na 1959 vingali vinasomwa na kila mwanafunzi wa jambo hili. Katika vitabu hivyo imeelezwa nguvu iliyoitwa pumzi ya watu. Mtu akiwakosea jirani zake, mathalan akiwanyima heshima wazazi wake au kuwanyima wenzake karamu iliyo haki yao, watu wa kijiji hunung'unika, na manung'uniko yao humwangukia kama ubaridi. Mwili hutetemeka kwa homa, au viungo hupooza. Dawa ya ubaridi huo haikuwa majani peke yake. Ilikuwa ni lazima mkosaji awape wenzake chakula na pombe, nao waitoe hasira yao kwa maneno yenye kusikika, mpaka isibaki mioyoni. Aliyekaa kimya na hali ana kinyongo aliaminiwa kuwa angali anaua. Hivyo hata katika matambiko ya ukoo, ndugu walitakiwa kusema wazi walichokuwa wamekificha kabla ya sala kukubaliwa.

Elimu hii yatofautiana na Injili katika mambo mengi, na si halali kuyafanya mawili kuwa moja. Kwa Wanyakyusa aghalabu mgonjwa alikuwa na kosa la kutafutwa; katika habari ya Marko hakuna neno hata moja juu ya kosa la yule mtu, wala hakuulizwa. Lakini yalipatana katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba ugonjwa si mali ya mtu mmoja. Msikilizaji wa Rungwe hakuhitaji kufundishwa kwamba mwili wa mtu umefungwa pamoja na mioyo ya jirani zake, wala kwamba kupona hakujatimia mpaka watu wamekula pamoja. Msomaji wa Ulaya wa siku hizo, aliyezoea kuuona muujiza kama shindano kati ya imani na sayansi, aliuliza kama kweli ngozi yaweza kusafishwa kwa neno. Msikilizaji wa Rungwe aliweza kuuliza swali lililo karibu zaidi na maandiko: kuhani alisema nini, na wenyeji walimpokeaje?

Yafaa kukumbukwa pia kwamba wengi kati ya waliokusanyika kwanza katika vituo vya misheni walikuwa wamekwisha kutolewa nje kwa njia nyingine. Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa miaka mingi Utengule kati ya Wasafwa, aliandika habari za maisha ya watu waliotekwa, kuuzwa, kuwekwa rehani na kukimbia katika nchi zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika. Mmoja wao ni mwanamke Narwimba, ambaye habari zake zimechunguzwa tena na mwanahistoria Marcia Wright katika kitabu cha mwaka 1993. Kwa watu kama hao, waliopoteza ukoo na mahali pa kuzikwa, habari ya mtu aliyerudishwa kati ya watu haikuwa fumbo. Yawezekana waliisikia kama habari yao wenyewe.

Serikali za kikoloni zilikuja na njia nyingine. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliouteka mji wa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, mwaka 1916, waliufikiria ukoma kama jambo la kutenga. Wakati huo hapakuwa na dawa ya hakika. Mafuta ya chaulmoogra yalichomwa mwilini kwa sindano kwa uchungu mwingi na faida haba, na hivyo kambi ilikuwa ndiyo tiba. Karibu na Tukuyu palikuwa na makazi ya wakoma ya Makete. Na katika Unyamwezi Wamoravian walikuwa na kambi yao Sikonge. Makazi ya namna hiyo yalikuwa na wema wake. Mtu alipata chakula, vidonda vyake vilifungwa, shamba lake alilima, na wengine walioana humo na kuzaa watoto. Walakini yalikuwa nje ya kambi kwa maana ile ile ya Walawi, ila kwa tofauti moja: hapakuwa na kuhani wa kuja kumtazama mtu siku ya saba.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1941, ilipoonekana huko Carville, Marekani, kwamba dawa za jamii ya salfoni huuzuia ukoma. Dapsoni, iliyokuwa rahisi na yenye kumezwa, ilienea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950. Mgonjwa aliweza kutibiwa akiwa kwake. Vijidudu vilipoanza kuizoea dawa hiyo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1981 mchanganyiko wa dawa tatu, rifampisini, klofazimini na dapsoni, ambao kwa muda wa miezi 6 au 12 humponya mtu kabisa, na ambao tangu dozi za kwanza humfanya asiweze kumwambukiza mwingine. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ikafikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 katika nchi nzima, ingawa zipo wilaya ambazo bado zaona wagonjwa wapya. Kwa hesabu ya tabibu, jambo alilolifanya Yesu kwa mtu mmoja sasa lafanyika kwa yeyote awahiye zahanati.

Hapo ndipo swali la mwanzo linaporudi kwa nguvu. Ikiwa muujiza ulikuwa ni ngozi kupona tu, basi vidonge vimeumaliza, na sura ile ya Marko ingeachiwa wanahistoria. Lakini katika makazi ya zamani ya wakoma, katika Tanzania na kwingineko, walionekana watu ambao vijidudu vilikwisha kufa mwilini mwao miaka mingi, nao hawakurudi kwao. Dawa haiwezi kuota vidole vilivyokwisha kuliwa na vidonda, wala kurudisha fahamu ya mishipa iliyokufa. Na jirani, akiuona mkono, huendelea kuuita ugonjwa. Wengine walikuwa wamesahauliwa na ndugu. Wengine mashamba yao yalikuwa yamegawanywa. Walipona, hawakutakaswa. Yaani tabibu alifanya sehemu yake, na kuhani hakutokea.

Tofauti hiyo inaonekana hata katika maneno. Luka, katika sura ya 17, asimulia habari ya wakoma kumi waliosimama mbali na kupaza sauti. Yesu awaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja, naye ni Msamaria, alipoona kwamba amepona, akarudi kushukuru, akaambiwa kwamba imani yake imemwokoa. Luka atumia vitenzi vitatu vya Kiyunani, na Kiswahili kina vitatu: kutakasika, kupona, kuokoka. Kumi walitakasika; mmoja aliona kwamba amepona; na huyo mmoja ndiye aliyeambiwa neno la tatu. Kitenzi hicho cha tatu ni kile kile alichoambiwa mwanamke mwenye kutoka damu katika Marko sura ya 5, na Bartimayo kipofu katika sura ya 10. Walakini Biblia ya Muungano hapo husema kwamba imani iliwaponya, na kwa Msamaria husema kwamba ilimwokoa. Wafasiri walilazimika kuchagua, kwa sababu Kiyunani hakitengi mwili na roho katika kitenzi hicho, nasi wasemaji wa Kiswahili tuna maneno mawili. Si kosa, lakini matokeo yake ni kwamba msomaji hufikiri kuna maponyo ya mwili upande huu na wokovu wa roho upande ule. Tangu mwamko wa kiroho ulioenea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1930, neno kuokoka limezidi kubana na kuwa la rohoni peke yake. Mwandishi wa Kiyunani hakuujua ukuta huo.

Jambo jingine la Luka si la kuachwa. Msamaria alikuwa mgeni, tena wa taifa lililodharauliwa. Alipokuwa na ukoma alichangamana na Wayahudi tisa bila ya ubaguzi, kwa kuwa msiba uliwafanya kuwa wa kabila moja. Kwa kupona, tisa walikuwa na hekalu la kurudia. Yeye kuhani wa Yerusalemu asingempokea hata akiwa safi. Kurudi kwake kwa Yesu basi si adabu njema tu, kama ihubiriwavyo mara nyingi. Alikuwa hana kwingine pa kupokelewa.

Maana ya agizo la kwenda kwa kuhani ina uzito mwingine pia kwa siku hizi. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Watanzania na wageni, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, mikononi mwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wagonjwa kadhaa walifia njiani. Na iliripotiwa kwamba baadhi ya wenye virusi vya UKIMWI waliacha dawa zao kwa kuamini kwamba wamepona. Vikombe vingine vilizuka mikoani, Mbeya ikiwamo. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye maumivu, na wengi wao walikuwa wamekata tamaa ya hospitali. Lakini mbele ya tukio kama hilo habari ya Marko yasimama kama kipimo. Humo aliyeponya hakutoza kitu, alikataza habari isitangazwe, na zaidi ya yote alimtuma mgonjwa akatazamwe na mwenye mamlaka ya kutazama, ambaye hakuwa mfuasi wake wala hakuwa na faida katika jambo hilo. Muujiza haukuogopa kupimwa. Kwa hoja hiyo, anayemwambia mgonjwa asirudi kwa daktari hawezi kuitegemeza kauli yake juu ya sura hii, maana sura hii yaagiza kinyume chake.

Kwa muhtasari, kutakaswa kwa yule mtu kulikuwa na sehemu tatu zisizotengana: mkono uliomgusa, ngozi iliyopona, na tamko lililomrudisha. Kanisa la kale lilishika ya kwanza, kama Leitner katika bonde la Hemel-en-Aarde. Tabibu wa karne ya 20 aliikamilisha ya pili. Ya tatu ndiyo iliyobaki nyuma, nayo haihitaji muujiza wala maabara. Mwezi Desemba mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kukomesha ubaguzi dhidi ya watu walioathirika na ukoma pamoja na jamaa zao, na miongoni mwa kanuni zilizoambatana nalo ni kuliondoa jina lenye kudhalilisha. Katika Kiswahili kazi hiyo imeanza: wauguzi na waandishi wengi husema mgonjwa wa ukoma au aliyeugua ukoma, mahali pa lile neno moja la zamani lililomfanya mtu na ugonjwa wake kuwa kitu kimoja. Mabadiliko haya yaweza kuonekana madogo. Lakini kuhani wa Walawi naye hakuwa na kitu ila neno la kutamka, na kwa neno hilo mtu alikaa nje ya kambi au alilala nyumbani kwake.